Kutoka Temeke Hadi Boko na Viola Begani

Nilifunga safari kwa sababu kikundi kimoja cha muziki Boko kilikuwa na nafasi moja ya mpiga viola, na mie, mhitimu wa darasa la jioni, nilijiona ndiye mpiga viola pekee kati ya Temeke na Misri. Viola ni kaka mkubwa wa fidla. Sauti yake ni ya katikati. Miaka minne nimeipiga kwenye kwaya yetu, ambamo mama yangu ndiye soprano wa kwanza, kiongozi wa sauti ya juu.

"Ukiikosa hii," alisema mama akininyooshea kola, "Jumatatu unaenda dukani kwa mjomba wako ukauze misumari. Viola basi."

Saa moja asubuhi nikaondoka. Buguruni, nilipobadilisha gari, muuza kahawa alilikazia macho boksi langu.

"Braza, hiyo bunduki?"

"Viola."

"Inapikwaje?"

Saa nne nilikuwa Boko, barazani kwa Bi Zuhura, mkuu wa kikundi, mwanamke wa pwani mwenye macho ya kupasua kioo.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Kaa."

Nikatangaza kwamba nimeandaa kipande cha kupiga peke yangu, nilichokifanyia mazoezi mpaka majirani wakataka kuhama.

"Kiweke kando. Huku hatupigi peke yetu." Akanipa karatasi. Nusura nianguke! Kurasa mbili, na karibu zote ni nota moja tu, ndefu kama barabara ya Bagamoyo. Miaka minne yote, kwa ajili ya nota moja?

Tukaanza. Seif, kijana wa fidla, alichoka vidole, sauti yake ikaanza kushuka kidogo kidogo chini ya nota. Nami nikashuka naye, polepole, kwa adabu zote. Bi Zuhura akapiga meza.

"Nani kashuka?"

"Seif, Bi Zuhura. Mie nimemsindikiza tu."

Nikaeleza: kwetu kwenye kwaya, kina mama wakishuka, viola inashuka nao, wasiaibike mbele ya waumini. Seif alicheka mpaka upinde ukamdondoka.

"Mwanangu," akasema Bi Zuhura, "huo si wema. Unawazamisha na unazama nao. Viola inabaki palepale, wenzio wapate pa kurudi. Mara ya mwisho hii. Seif, shuka makusudi."

Jamani! Seif alishuka kama ndoo kisimani. Masikio yaliniwasha, jasho likanitoka la kujaza pipa, kila kidole kikitaka kumfuata. Sikumfuata. Mwishoni mwa ukurasa wa pili, Seif akapanda mwenyewe, taratibu, mpaka tukakutana.

"Jumanne uje," akasema Bi Zuhura. "Uanzie darasa la kwanza la kushika upinde. Unaushika kama mwiko."

Nimepewa nafasi na nimerudishwa chekechea kwa pumzi moja! Nilirudi Temeke mdomo wazi, nikamwambia mama nimepata. Sikumwambia lingine.

Jumapili kanisani, kwenye ubeti wa tatu, kina mama wakaanza kushuka, mama akiwa mbele yao. Sikuwafuata. Mama akanigeukia kwa jicho la kuchemsha maharage bila moto. Vidole vyangu vikabaki palepale. Naye, mbele ya kanisa zima, akapanda, wenzake wote wakapanda nyuma yake.

Nje akanivuta sikio.

"Jeuri hiyo umeitoa wapi?"

"Boko, mama."

Akaliachia sikio. "Jumanne usichelewe."