Kadi Yenye Meno Kamili

Scholastika alitoka Rombo akaja Karatu kuuza vitenge. Vitenge vikamshinda, akafungua chumba cha michezo ya kompyuta karibu na stendi. Kompyuta yenyewe aliachiwa na kaka yake, na ilikuwa imeshakula chumvi nyingi. Hata hivyo vijana walijazana kucheza mpira, mpaka ulipotoka mchezo mpya ambao mashine ile haikuuweza. Wachezaji walitokea uwanjani bila vichwa. Mabega matupu yanakimbia, kona inapigwa, na hapo ndipo ugomvi unapoanza: goli la kichwa linafungwaje na mtu asiye na kichwa?

Wangevumilia, kama si Martini. Huyu alifungua chumba chake ng'ambo ya barabara, kompyuta moja lakini mpya, wachezaji wana vichwa na wengine wana hadi rasta. Wateja wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kununua vocha. Scholastika aliwaona wote na roho ikamuuma. Chumba kile ndicho kilichomweka mjini. Kikifa, anarudi Rombo kuchekwa na mawifi.

Fundi alimwambia abadilishe kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo. Siku ya mnada, Alex, muuza mitumba kutoka Arusha, alikuwa na kadi mbili juu ya turubai, katikati ya redio na pasi. Sasa achukue ipi? Mwenye akili zake angemwita fundi. Scholastika alimwita Qamara, dalali wa ng'ombe, kwa kuwa Karatu nzima ilijua kwamba Qamara hajawahi kuuziwa mnyama mbovu. Ukishapaniki hivyo, hata dalali wa ng'ombe unamwona mhandisi.

Qamara aliinua kadi ya kwanza, akaipuliza vumbi, akaigeuza. Ukingoni kulikuwa na safu ya vijimeno vya rangi ya dhahabu.

"Ana mapengo mawili," alisema kwa huzuni. "Huyu amezeeka, mama."

Akachukua ya pili. Safu yake ilikuwa ndefu zaidi, na pengo moja tu. Akapitisha kidole gumba juu ya meno yale taratibu, akatabasamu.

"Huyu bado binti."

"Mzee, shikamoo yako," Alex aliingilia, "lakini hizi hazichaguliwi hivyo. Lazima kwanza mjue kompyuta yenu ina nafasi ya aina gani ya kuchomekea."

"Wewe ulikuwa wapi nilipoanza kazi hii?" Qamara akamkata. Alex akapokea hela yake. Kadi ya meno mengi ikafungwa kwenye khanga, ikabebwa hadi mjini kama mtoto mchanga.

Haikuingia. Fundi aliijaribu kushoto, akaijaribu kulia, akasema kadi hii ni ya kompyuta za kisasa. Iliyofaa mashine hii kuukuu ni ile ya mapengo mawili. Alex alikuwa ameshaondoka na turubai lake. Scholastika akakaa chini sakafuni akalia.

Taarifa ikamfikia Qamara kwake Ganako, na hakulala vizuri. Kwa madalali wa pale, ukishamsifia mnyama umembeba mgongoni: akigoma kulima, ni juu yako kulitengeneza jambo. Asubuhi akaja anatweta, nyuma yake mkokoteni wa punda, na ndani yake, juu ya majani makavu, kompyuta ya Martini.

"Meno hayana kosa," alitangaza. "Taya ndiyo iliyokuwa mbovu. Nimeleta taya."

"Martini amekupa?"

"Tumebadilishana. Nimempa ng'ombe."

Fundi akaichomeka kadi, ikaingia tii. Wachezaji wakatokea na vichwa vyao, rasta zao na jasho lao. Kufika mchana chumba kilifurika hadi mlangoni, na Scholastika alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Martini amekwisha! Amebaki na ng'ombe ndani ya chumba cha michezo!

Ndipo vijana wakapisha njia. Akaingia Laurencia, mke wa Qamara, kibuyu mkononi. Qamara akainamia viatu vyake.

"Ng'ombe wangu wa maziwa ametolewa zizini," Laurencia alisema bila kupandisha sauti. "Nimeambiwa amebadilishwa na huyu hapa." Akaizunguka kompyuta pole pole, akaitazama kwa nyuma, akaitazama kwa chini. Kisha akamnyooshea Scholastika kibuyu.

"Haya, mwanangu. Nikamulie."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Scholastika alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akaomba radhi, akatoka nje.

Tangu siku hiyo Laurencia huja kila asubuhi, na kila asubuhi Scholastika huvuka barabara na kibuyu kwenda kununua maziwa kwa Martini. Martini humpimia bila haraka, huku akimuuliza kama biashara inakwenda vizuri.