Koo za Maneno

Kila nipitapo karibu na ghala la pamba mjini Bunda, harufu ya magunia hunirudisha uani kwa bibi. Tulikuwa tukichambua pamba, daftari la Kiingereza likiwa mapajani pangu. Mtihani ulikuwa kesho yake, na kufeli kulimaanisha kurudia kidato cha pili.

"Maneno ni mengi, bibi. Hayaingii."

"Mgeni akija hapa, mimi namuulizaga nini?"

"Ukoo wake."

"Basi na hayo yaulize."

Nikafungua orodha ya mizizi ya Kigiriki na Kilatini tuliyopewa na mwalimu. "Tele" ni mbali, "phone" ni sauti, "scope" ni kutazama. "Telephone" na "telescope" walikuwa ndugu!

"Kumbe Wazungu nao wana koo!" Bibi alicheka. "Haya, lete mwingine."

Kesho yake, kwenye mtihani, nilikutana na neno geni, "subterranean". Nikaliuliza ukoo: "sub", chini, "terra", ardhi. Nikaandika jibu.

Matokeo yalipotoka, bibi alicheza uani, pamba zikiwa zimemnasa kichwani. "Tumefaulu!" aliwatangazia majirani, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza yeye alifanya mtihani gani.