Maji ya Kusuuzia

Maabara ya shule yetu ya kata, kule Newala, ilikuwa kuta nne bila paa. Wazazi walichangishwa kila msimu wa korosho, kuta zikaota nyasi, mbuzi wakahamia. Nikipita pale mpaka leo napandwa na hasira.

Dada yangu alitaka kuwa nesi, na bila Kemia chuo hakimpokei mtu. Mwalimu wetu, kijana mgeni kutoka kanda ya Ziwa, alifundisha majaribio kwa chaki. Alichora ubaoni mrija wa kioo wa kupimia asidi, akachora na koki yake, akasema, "Kila mkimaliza, suuzeni." Dada aliukariri mchoro ule kama sala. Maji ya mazoezi yangetoka wapi? Kila mwanafunzi alikuja na kidumu chake asubuhi, na vyoo bado vilinuka.

Kwa kuwa hatukuwa na maabara, mtihani wa vitendo dada na wenzake walipelekwa kufanyia Masasi mjini, kwenye shule ya serikali kama yetu, sare kama yetu. Kule kila meza ilikuwa na bomba.

Dada aliporudi jioni, mwalimu alimsindikiza hadi nyumbani. Mama akawakaribisha uani.

"Shikamoo mama," mwalimu alisema.

"Marahaba mwanangu. Mwanafunzi wako kafanyaje?"

Dada akadakia. "Mama, wenzetu wanafungulia maji yanamwagika tu! Mimi nilikinga kwenye bika, kile kikombe chao cha kioo. Maji niliyosuuzia mrija wa asidi, hayohayo nikasuuzia chupa ya dawa nyingine, mpaka mwisho. Sikumwaga hata tone."

Ndivyo tulivyoosha vyombo kwetu: vikombe, sahani, sufuria, maji yaleyale, kisha yakaenda kwenye mpapai. Lakini asidi iliyobaki kwenye maji yale ilikuwa imeichafua ile dawa nyingine, na vipimo vyake vyote vilikuwa vimeharibika. Nilimwona mwalimu akiinamia viatu vyake. Hakuwahi kutuambia tumwage, kwa sababu hakuwahi kuwa na maji ya kutuonyesha.

Kemia alipata F. Unesi ukaishia hapo, na sasa anabangua korosho za watu.

Kinachoniuma zaidi ni jioni ile. Mama alimshika dada bega, uso umemng'aa mbele ya mgeni.

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Watajua umelelewa."