Spika Yenye Mbavu za Mashua

Juzi, mjini Migori, nilimwona mzee amebandika kiganja kwenye spika iliyokuwa ikivuma mlangoni mwa duka, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa fundi wa mashua kule Karungu, na hata spika yetu aliiunda kama mashua. Alizilainisha mbao kwa mvuke wa maji yaliyochemka, akazikunja polepole hadi mbavu zikapinda. Ua mzima ulinuka mbao mbichi na gundi.

Alasiri alipoimaliza, aliunganisha waya zake kwenye redio, nami nikabonyeza kaseti ianze. Muziki ulilipuka, kuku wakatawanyika, mama akapaaza sauti kutoka jikoni, "Baba Atieno, punguza hiyo kitu!"

Baba alipiga magoti, akalaza shavu kwenye ubavu wa spika, akafumba macho.

"Nyathina, mtoto wangu," akaniuliza, "imeanza kuimba?"

Nilicheka hadi nikakaa chini, nikidhani ananitania. Sasa najua kwamba nyundo za miaka mingi zilikuwa zimeyamaliza masikio yake. Alinitazama mdomoni, akisubiri jibu. Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha, lakini mimi niliendelea kucheka.