Mtandio wa Raiha

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, baada ya sala ya alasiri, na kila nikiikumbuka natamani zulia la chumba kile lingenimeza. Tulikuwa tumetoka Jeddah kwenda Riyadh kwa jamaa zetu wenye istiraha, nyumba ya mapumziko nje ya mji, yenye ukuta mrefu na bustani. Wanaume walikuwa upande wao na nyama yao ya kuchoma, sisi wanawake upande wetu na kelele zetu za Kiunguja. Wazee wetu walikihama kisiwa, lakini kelele hawakuziacha nyuma.

Nadra, binti wa nyumba, alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni Uingereza. Alikuja na michezo waliyoicheza mabwana na mabibi wa huko zamani, walipoalikana kwenye majumba yao ya shamba. Alisema hata huko kina mama walipeleka mabinti zao ili waonekane. Tulichekeana chini kwa chini, kwani Bi Thuwaiba, aliyeketi pembeni kwenye mto wa kukalia, hakuja kula sambusa. Alikuwa akimtafutia mwanawe mke, na aliyekuja kumtazama ni Raiha.

Raiha alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Waliishi Manfuha, huko huko Riyadh, yeye na mama yake mjane, katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu. Alikuwa na sura ya kukufanya usahau ulichotaka kusema. Lakini utotoni alianguka kwenye ngazi za nyumba ile, na mguu wake wa kushoto ukabaki mfupi. Siku hiyo alifika kabla ya wageni, akaketi, akalitandaza dera lake refu juu ya miguu. Si kwamba walitaka kumdanganya mtu. Mama yake alikusudia kumweleza Bi Thuwaiba mwenyewe, faraghani, kwa maneno ya heshima, baada ya kahawa. Mimi nilijua yote hayo. Na nilikuwa na wivu, mwanangu, maana nilitaka nitazamwe mimi.

Nadra akaeleza mchezo. Tutegeane vitendawili, na atakayeshindwa atoe kitu chake, kiwe rehani.

"Kwetu mtu akishindwa hutoa mji," akasema shangazi mmoja. "Chukua Makunduchi na kuku wake wote!"

"Shangazi, huku ni kwa Waingereza. Toa hereni!"

"Wacha wee! Waingereza walishachukua miji, sasa wanataka na hereni zangu?"

Chumba kizima kikacheka. Rehani zikajaa kwenye sinia: pete, vibanio, kiatu kimoja. Raiha naye akashindwa, akavua bangili yake ya fedha. Ikabaki kumpata hakimu, afungwe macho, kila rehani iinuliwe juu ya kichwa chake, naye aamue mwenye rehani afanye nini ili aikomboe, bila kujua ni nani. Wakanichagua mimi. Kitambaa kikatafutwa, na Raiha akavua mtandio wake mabegani.

"Mfungeni huu," akasema.

Ulikuwa mtandio mwepesi. Niliona kila kitu kama mtu anayetazama kupitia chandarua. Sikusema. Nikamwamuru shangazi awike kama jogoo, mwingine asome kaswida akiwa amebana pua, na watu wakashika mbavu. Kisha Nadra akainua bangili ya fedha.

"Mwenye rehani hii afanye nini?"

Ningeweza kusema aimbe. Aimbe pale pale alipoketi, na sauti alikuwa nayo. Nikasema, "Achukue sinia la kahawa, azunguke chumba chote, ampe kila mgeni kikombe chake."

Raiha akainuka, akalichukua sinia la kahawa. Kila mguu wa kushoto ulipotua, vikombe viligongana. Msichana mmoja asiyemjua akapiga makofi: "Ehee! Anaigiza kikongwe!" Wakacheka, maana ulikuwa mchezo. Nami nilicheka. Kicheko kikafa kidogo kidogo, kadiri walivyomwona mama yake ameinamisha uso.

Bi Thuwaiba alipokea kikombe, akasema, "Ahsante, mwanangu." Hakukimaliza. Akaomba baibui lake, na posa haikuja.

Nilimfuata Raiha ukumbini, nimrudishie mtandio. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu.

"Shoga, wallahi sikujua ni wewe."

Akaukunja polepole. "Mtandio ni wangu. Naujua wepesi wake."

Nikaanza kuapa tena, akanikatiza.

"Ndiyo maana nilikupa huo," akasema. "Nilitaka uone bangili ni yangu. Nilidhani utanisitiri."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mimi niliazimwa ya kumsitiri mwenzangu, nikaitumia kumvua. Nilimwomba radhi, akanipa. Tuliendelea kuamkiana na kula sinia moja siku za Idi. Lakini hadi alipohamia Maskati hakuniazima tena kitu, hata sindano.

Mwanangu, juzi mlikuwa mkipokezana simu hapa sebuleni, mkimcheka mwenzenu aliyerekodiwa akijikwaa harusini. Sikuwakaripia; uso uliniwaka moto kwa aibu yangu mwenyewe. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Basi nisikie. Ukiijua aibu ya mtu, ujue kuna aliyekuamini, hata kama hakukwambia. Usijifiche nyuma ya mchezo, ukasema hukuona. Ukipewa nafasi ya kumhukumu mwenzio, mchagulie lile analoweza kulifanya akiwa ameketi. Na hujafa, hujaumbika.

Mungu akusitiri hapa na kesho, akupe macho ya huruma, na akuweke mbali na kicheko nilichokicheka mimi siku ile. Amina.