Pikipiki Nyekundu ya Bungu

Sina sababu ya kukudanganya. Mimi ni fundi pikipiki hapa Lushoto, situmii kilevi, na habari za mizimu nilikuwa nazicheka. Haya yalinikuta alasiri, saa kumi hivi, nikiwa na akili zangu zote.

Kwanza uijue pikipiki yenyewe. Ni ya Kijapani, ya zamani, ya kukimbia: usukani uko chini, ukiipanda unalala juu ya tangi. Silinda zake mbili hazikukaa ubavu kwa ubavu. Moja iko mbele, nyingine nyuma yake, ili iwe nyembamba ikate upepo kama zile za mashindano. Inakula petroli pamoja na oili, na oili inaletwa na pampu ndogo inayovutwa na waya. Ilitengenezwa miaka michache tu, ikaachwa. Sasa ilifikaje milimani huku? Mwalimu mmoja wa Bungu aliinunua Tanga mjini. Watu walimcheka, maana haibebi hata gunia la kabichi.

Mwalimu huyo alifia juu yake, amembeba shemeji yake, mdogo wa mkewe. Walikufa wote wawili. Wakwe walisema alikimbiza kwa sifa, na tangu msiba ule hawakumsemesha tena binti yao. Haya aliniambia mjane mwenyewe, Mama Zaina, siku aliponipa ile pikipiki bandani kwake.

"Iondoe tu, baba. Kadi yake nitakutafutia."

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Nilihangaika nayo karibu mwaka, nikachonga silinda, nikafunga pistoni za pikipiki nyingine, ikawaka. Nikaipanda kwenda Bungu kuchukua kadi.

Nilipopita Mponde, kwenye mashamba ya chai, ukungu ukashuka na injini ikaanza kuwa nzito. Nikasimama. Kuinua kichwa, mtu mzima yuko upande wa pili wa pikipiki, kavaa sweta ya kijani. Sikumsikia akija.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hujafungua kifuniko cha pampu ya oili."

Niamini, hakuuliza. Nikamjibu kwamba waya nimeuona, uko sawa.

"Umeuona kwa nje. Fungua."

Nikafungua. Waya ulikuwa umekatikia ndani, na wala haukuwa wa pikipiki, ulikuwa wa breki ya baiskeli. Oili ilikuwa haifiki inavyotakiwa. Mbele kidogo injini ingekwama, tairi la nyuma lingejifunga, nami ningekuwa bondeni.

Akanyoosha mkono, nikampa spana. Vidole vyake viligusa vyangu viwili. Unadhani vilikuwa vya baridi? Hapana. Sikuhisi kitu, kama vile hapakuwa na mtu.

"Huo niliuweka mimi," akasema. "Waya wake halisi sikuupata. Nilijua hautadumu, nikambeba shemeji yangu hivyo hivyo. Mwambie Mama Zaina hatukuwa tunakimbia."

Spana ikaanguka barabarani. Nikainama kuiokota, nilipoinuka, palikuwa na chai na ukungu tu.

Sikukimbia. Nikauchomoa ule waya, nikautia mfukoni. Baadaye nikamimina oili kwenye petroli kwa mkono, nikaenda polepole mpaka Bungu.

Mama Zaina alinisikiliza amesimama mlangoni. Hakulia.

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake."

"Mdogo wangu hukumwona."

"Sikumwona, mama."

Akakaa kizingitini. "Kwa hiyo kosa bado ni lake," akasema. "Ila si la sifa." Akaniomba ule waya, akajifunga kanga, akaondoka kwenda kwa wazazi wake. Nilikuja kusikia kwamba mama yake alimfungulia mlango. Baba yake aliushika waya, akautazama, akaingia ndani bila kusema neno, na mpaka leo hajasema. Lakini mama mtu sasa huenda kwa binti yake kila Ijumaa.

Mimi vidole viwili vya mkono wa kulia havijui moto wala baridi. Hospitali waliviangalia, hawakuona kitu. Mara mbili nimejiunguza kwenye ekzosi bila kujua, mpaka nikasikia harufu.

Wewe unayenunua pikipiki ya zamani kwa sababu imekupendeza, muulize anayekuuzia ni nani aliyeipanda mwisho, na iliishaje. Na usimpandishe mtu nyuma kabla hujafungua kila kifuniko kwa mkono wako mwenyewe.