Figo la Mdogo Wangu na Ng'onda wa Mtungini

Kabla sijaugua, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kitandani hadi darasani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Lindi, na nyumba yangu ilipakana na shule. Hata Rutamba, hapo jirani, ambako wenzangu walikwenda na kurudi kwa miguu, sikuwahi kulala. Halafu mafigo yangu yote mawili yakafa, na serikali ikanipandisha ndege kwenda Ulaya. Nilikwenda na mdogo wangu wa kike, mkulima wa korosho, aliyekubali kunipa figo lake moja. Yeye alitolewa, mimi nikapandikizwa. Aliyepiga kelele za maumivu wodini ni mimi.

Tuliporudi, miezi ya kwanza ilikuwa salama. Kisha presha ikaanza kupanda. Mganga wa zahanati yetu alikuwa mtani wangu, na mtani hana huruma na mgonjwa.

"Presha gani hii, mtani? Inapanda kama mgema! Unakula chumvi?"

"Chumvi? Mimi? Nimeisahau hata rangi."

Mwongo mkubwa. Madaktari walinikataza chumvi kabisa, lakini nyuma ya mlango wangu palikuwa na mtungi usiotiwa maji. Humo niliwaficha ng'onda kutoka pwani ya Sudi, samaki waliokolezwa chumvi na kuanikwa juani mpaka wakakakamaa kama ubao. Nilianza na mkia tu, nikijiambia mkia si samaki. Baada ya wiki nilikuwa nimefika kichwani.

"Kama si chumvi," mtani akasema kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "basi ni hilo figo. Limezoea mchapakazi, likakabidhiwa mvivu. Limegoma!"

Watu wakacheka, mimi nikawazidi. Mdogo wangu, aliyenisindikiza, hakucheka. Njiani akaniuliza, "Kaka, labda nililokupa ni bovu?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Ni kweli Mungu alijua. Na mimi nilijua.

Utani ule haukukaa zahanati. Ulifika kisimani, ukafika shamba la kijiji, na ulipomfikia mama mkwe wa mdogo wangu ulikuwa si utani tena: amempa kaka yake bovu, zima kabaki nalo mwenyewe. Mdogo wangu hakujibizana na mtu. Aliacha kula chumvi.

"Figo ni langu, kaka, hata likikaa kwako," aliniambia. "Nikijinyima mimi, huenda huko nalo likatulia."

Tangu siku hiyo kila jioni alinijia na bakuli la mhogo wa kuchemsha usio na chembe ya chumvi. Kabla hajatia tonge mdomoni alisema, "Karibu, kaka," kama ilivyo kwetu, maana hata ukila kipande kimoja huwezi kumwacha aliye mbele yako bila kumkaribisha. Tulikula. Yeye alikunja uso, akameza. Mimi nilisubiri aondoke, nikaenda nyuma ya mlango.

Miguu ilipovimba nikashindwa kuvaa viatu, nilirudishwa Ulaya, safari hii peke yangu. Daktari aliweka kipimo chake juu ya tumbo, usawa wa figo, akasikiliza sana. Alisikia damu ikivuma, kama maji yanayolazimishwa kupita kwenye bomba lililobanwa. Picha ikaonyesha kwamba mshipa unaopeleka damu kwenye figo umekuwa mwembamba palepale walipouunga. Figo lilikosa damu, likadhani mwili mzima umekaukiwa, likawa linapandisha presha ili lipate chake.

Nikaungama habari za ng'onda.

"Huo ni upumbavu, na umezidisha presha," akasema. "Lakini samaki hakubana mshipa. Na figo lenyewe ni zuri sana."

Wakanipasua, wakaunga upya. Presha ikashuka.

Siku niliyorudi, mdogo wangu alikuwa kizingitini. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Lilikuwa bovu?"

"Zima kabisa. Ni mshipa uliobana pale kwenye maungio. Figo lako lilikuwa na kiu tu."

Akaketi mkekani, akacheka huku machozi yakimtoka. "Basi nipe chochote chenye chumvi, kaka. Nimesahau ladha yake."

Ningeweza kusema sina. Nilikwenda nyuma ya mlango, nikarudi na mtungi wa ng'onda. Alitazama mtungi, akanitazama.

"Hawa wa lini?"

"Wa siku nyingi."

"Siku zile za mhogo?"

"Siku zilezile."

"Na watu waliponisema?"

Nikausogeza mtungi mbele yake.

"Kesho utakwenda zahanati," akasema taratibu, "foleni ikijaa, umweleze mtani wako. Kwa sauti."

Kisha akakoka moto, akawachoma ng'onda wote, akaketi kula. Nami nimekaa hatua moja kutoka kwake, harufu imejaa nyumba. Alikula mpaka miiba, akalamba vidole. Hakusema karibu.